MJADALA: Sedani ya kilomita 283 kwa saa ina kazi gani barabara ya Mtwara–Lindi?

Mleta mada, Shangani

Wakuu, habari za jioni. Kila msimu wa korosho, malipo ya minada yakishaingia, mji unapata magari mageni. Zamani yalikuwa Noah na Carina. Siku hizi ni Crown, Mark X, na hizi BMW na Mercedes ambazo mtaalamu ameshaziongezea nguvu kabla hazijashuka melini. Hoja inayotamba vijiweni ni kwamba gari lililotuniwa, yaani lililoongezewa nguvu, lisipewe namba kabisa, kwa sababu huku kusini halina pa kukimbilia, litaishia kuua watu Mikindani. Napinga, ila sababu yangu si ile ya "pesa yangu, gari langu".

Waingereza waligombana kuhusu jambo hilihili mwaka 1990, ilipotoka Lotus Carlton. Ilianza kama Vauxhall Carlton ya kawaida, ndugu wa Opel Omega, sedani ya milango minne ya mameneja wa kampuni. Magari yalitoka Rüsselsheim, Ujerumani, yakapelekwa Hethel, Norfolk, Uingereza, kwa Lotus, watengenezaji wa magari ya michezo, nao wakayafumua. Injini ya silinda sita ikapanuliwa hadi lita 3.6, ikafungwa turbo mbili za Garrett (vifaa vya kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), ikatoa nguvu za farasi 377. Giaboksi ya gia sita ni ileile ya Corvette ZR-1, gari la michezo la Marekani. Mwendo wa juu ulikaribia kilomita 283 kwa saa, wakati Wajerumani wakubwa walikuwa wameshakubaliana kuishia 250.

Kelele zikaanza. Gazeti la Daily Mail likalipigia kampeni lipigwe marufuku, wakubwa fulani wa polisi wakalalamika kwamba raia hana haja ya mwendo ule. Vauxhall hawakupunguza hata kilomita moja. Halafu mwaka 1993 wezi wakaiba moja yenye namba 40 RA, wakawa wanavunja nayo maduka usiku huko West Midlands, wanaondoka na sigara na pombe, na magari ya polisi hayaoni ndani. Hapo waliotaka marufuku wakapata la kusema.

Mimi nalipenda gari lile kwa jambo ambalo magazeti hayakulijali. Lotus hawakuishia kwenye injini. Waliweka breki za AP Racing, tairi pana hadi madigadi yakatanuliwa, na shokapu za nyuma zinazojisawazisha zenyewe, walizochukua kwa kaka yake, Senator. Ukiongeza farasi unaongeza na hatamu. Tunayoyaona hapa mengi yameunganishwa laptopu chini ya dashibodi, programu ya injini ikabadilishwa, basi. Breki zilezile za kiwandani, tairi zilezile za mtumba. Hilo ndilo la kukaguliwa.

Na kuna hili la ushuru. Ushuru wetu wa bidhaa unaangalia ujazo wa injini: ukivuka cc 1,000 hadi 2,000 ni asilimia 5, ukizidi hapo asilimia 10. Mercedes-AMG CLA 45 S ina cc 1,991 na farasi 421. Iko kapu moja na Premio ya mwalimu! Crown ya cc 2,500 yenye nusu ya nguvu hiyo inalipa asilimia kubwa zaidi. Kama kweli tunaogopa mwendo, tupime nguvu, si ukubwa wa bloku. Karibuni.

Dereva wa Kosta, Lindi

Kaka, unaongea kama mtu wa Ujerumani. Mimi mkate wangu uko kati ya Mnazi Mmoja na Mtama. Kilomita 283 kwa saa ni kama mita 79 kwa sekunde moja. Ukipiga chafya tu umeshapita shule, kisima na mama mwenye baiskeli ya magunia. Mtoto akitokea kwenye mikorosho, hizo AP Racing zitafanya nini? Ndani ya makazi sheria inasema 50, na sisi wa abiria tunaishika kwa sababu ya tochi. Mwenye sedani nyeusi anakupita tutani.

Halafu barabara yenyewe mnaijua. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata njia Somanga, watu wakalala porini. Gari la chini vile utalipitisha wapi mvua ikirudi?

Dada wa Bima

Kwani Crown ambayo haijatuniwa haikimbii? Waliotuulia watu huku walikuwa na IST na bodaboda.

Fundi, Mkanaledi

Mleta mada kagusa penyewe kwenye breki, ila kasahau mafuta. Injini yenye turbo ikipandishwa presha inataka petroli ya oktani ya juu (isiyolipuka mapema ikikandamizwa) na hewa iliyopoa. Ndiyo maana Carlton walishusha mgandamizo wa hewa ndani ya silinda hadi 8.2 kwa 1, na hewa ya turbo ikapozwa kwa maji. Programu za leo nyingi zinaandikwa kwa mtu wa Ulaya anayejaza oktani 98 kwenye baridi. Lete gari hilo kwenye joto letu la pwani, ulijaze petroli ya dumu iliyoongezwa mafuta ya taa njiani kwenda Newala, injini inaanza kugonga. Anakuja kwangu anasema "linakosa nguvu kidogo". Nikifungua, pistoni imetoboka.

La pili, wapenzi wa Lotus samahani, kwangu sedani ya kutuniwa ni Alpina, BMW zilizoboreshwa na Wajerumani. Hawa wa mji wa Buchloe, mwaka 1983 serikali ya Ujerumani iliwatambua kama watengenezaji kamili, si gereji ya kuongeza vikorokoro. B10 Bi-Turbo yao, iliyotokana na BMW ya mfululizo wa 5, ilitoka 1989 ikiwa na farasi 360 na kufika kilomita 291 kwa saa. Huo ni mwendo zaidi ya Carlton! Zilitengenezwa 507 tu. Mbona hakuna gazeti lililopiga kelele? Kwa sababu Carlton ilibeba nembo ya gari la mtu wa kawaida. Tajiri akikimbia anaitwa mpenda magari, mwenye Vauxhall akikimbia anaitwa jambazi.

Mleta mada, Shangani

Fundi, kwenye nembo nakuunga mkono kwa mikono miwili. Ile hasira ilikuwa na harufu ya tabaka. Kwenye Alpina tutagombana hadi asubuhi. Alpina ilitaka uwe umekaa vizuri, Carlton ilitaka uwe unajua kuendesha, na clachi yake nzito ilikukumbusha kila taa nyekundu.

Dereva, hoja yako ya mtoto ni nzito. Lakini inahusu kilomita 100 sawasawa na 283. Crown yoyote, hata Kosta yako ikiwa tupu, inafika 100. Ukizuia usajili wa magari manne yaliyotuniwa Mtwara nzima, huyo mtoto bado yuko hatarini.

Dereva wa Kosta, Lindi

Bado hatari, ndiyo. Lakini anayenunua farasi 400 hanunui ili atembee 50. Tusidanganyane, kaka.

Mzee mstaafu, Masasi

Wanangu, nawasoma. Hiyo kodi ya nguvu nasikia ni nzuri, lakini gari likishapata namba, mtu ataongeza nguvu mwenyewe kwa laptopu, na kadi ya gari haibadiliki. Mtapima nini bandarini? Na ukaguzi wa baadaye ninaoujua mimi ni wa kulipia stika na kuibandika kioo cha mbele.

Fundi, Mkanaledi

Mzee wangu, shikamoo. Mashine ya kupima farasi magurudumuni hapa mjini sijaikuta. Breki lakini hazihitaji mitambo: vua gurudumu, pima unene wa diski, angalia rangi ya mafuta ya breki, soma zile tarakimu nne kwenye ubavu wa tairi. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho mwaka. Juzi kijana kaniletea BMW anataka nimtafutie mtu wa programu, tairi za nyuma zimeandikwa 2213. Nimemwambia alete tairi kwanza. Kaenda kwa fundi mwingine.