Wi-Fi imepotea baada ya kuapdeti Linux Mint, kadi ni Broadcom

MamaSteshenari, Moshi
Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari karibu na soko la Mbuyuni, kazi zote nafanyia laptopu ya HP yenye Linux Mint 21. Jana iliapdeti keneli (kiini cha mfumo), leo nimewasha Wi-Fi haipo kabisa, hata jina la mtandao halitokei. Wanafunzi wa Chuo cha Ushirika hunitumia kazi kwa imeili niwaprintie. Leo nimewapokea kwa flashi, na flashi zenyewe zimejaa virusi. Nikiandika `lspci -nn`, amri ya kuorodhesha vifaa vya ndani, kadi ya Wi-Fi inasoma BCM43142, 14e4:4365. Fundi mmoja ananishauri niweke Windows ya kukrakiwa. Sitaki, mashine hii inanilishia watoto. Nifanyeje?

Sakina_Tux, Arusha
Pole sana dada. Kama `lspci` inaiona, kadi ni nzima. Draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, inaitwa `wl`, na haimo ndani ya keneli kwa sababu Broadcom hawakuachia msimbo wake wote. Ndiyo maana kila keneli mpya ikiingia, DKMS (zana ya kujenga draiva za nje ya keneli) lazima iijenge upya. Ikikwama hapo, unabaki bila Wi-Fi.

Kwa leo, ukiwasha shikilia Shift (mashine nyingine ni Esc), ingia Advanced options, chagua keneli ya zamani. Wateja wahudumiwe kwanza.

Ukitulia, chomeka simu kwa waya, washa tethering ya USB (laptopu itumie intaneti ya simu); Linux inaipokea bila draiva ya ziada. Kisha:

`sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`
`sudo apt install --reinstall bcmwl-kernel-source`

kijana_wa_majengo
Naongezea: amri hizo aziendeshe akiwa ndani ya keneli MPYA. `uname -r` inataja keneli inayotumika wakati huo, kwa hiyo akiwa kwenye ya zamani ataletewa heda (faili za keneli za kujengea draiva) za zamani. Pia acheki `mokutil --sb-state`. Secure Boot (ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka) ikiwa imewashwa, moduli, yaani draiva hiyo, isiyosainiwa inakataliwa hata kama imejengwa vizuri. Ikitokea skrini ya bluu ukiwasha, usiipite: chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo wa kusainia draiva), weka nywila uliyotunga wakati wa kuinstoo.

MamaSteshenari
Mungu awabariki. Heda ndizo hazikuwepo. Sasa `dkms status` inasema installed, na Wi-Fi imerudi. Ile keneli ya zamani niifute?

Sakina_Tux
Usiifute dada. Iache hapo hadi ijayo iingie na Wi-Fi ikubali.