Pasipoti ya mtoto inaisha na tuko nje ya nchi, ubalozini wanataka nini?

TumboJoto: Habari za muda huu wakuu. Naishi nje na mtoto wangu wa miaka 6. Pasipoti yake, ile ya miaka 5, imebakiza wiki 9, na tunakokwenda wanataka iwe na angalau miezi 6 mbele. Tiketi nimeshakata. Naomba kujua tu: ubalozini napeleka nini, na picha iweje? Wenye uzoefu karibuni. Matusi hapana.

MzeeWaFomu: Kwa kawaida ni fomu, cheti cha kuzaliwa, pasipoti ya zamani, vitambulisho vya wazazi na ridhaa yao. Weka miadi leo leo, maana balozi nyingi hazichapishi pasipoti zenyewe. Maombi yanatumwa nyumbani na kitabu kinarudi baadaye. Wiki 9 si nyingi. Uliza pia kama mtoto lazima afike mwenyewe.

BibiMtandao: Picha ndiyo kazi mwanangu, wasikudanganye. Mjukuu wangu alipokuwa mchanga ya kwanza ilikataliwa, kidole changu kilionekana begani kwake. Ya pili ana chuchu ya plastiki mdomoni. Ya tatu kafumba macho. Mwisho tukamlaza juu ya shuka jeupe tukampiga kutoka juu, ikapita. Vipimo angalia vya nchi yako. Nyingi ni milimita 35 kwa 45, Marekani wao 51 kwa 51. Sasa hivi ana miaka 14 na hataki kupigwa picha na mtu yeyote.

KonaKali: Tiketi kabla ya pasipoti? Umenunua hatamu, punda hujamwona.

TumboJoto: Asanteni sana. Swali dogo: hiyo ya zamani ni lazima? Na kwenye ridhaa, saini ya mzazi mmoja haitoshi?

MzeeWaFomu: Hayo si madogo, na ni mawili. Pasipoti iko wapi?

TumboJoto: Ipo mkuu.

MzeeWaFomu: Sijauliza kama ipo.

TumboJoto: Haya. Iko kwa mzazi mwenzangu. Tuliachana mwaka jana, tunaishi mji huohuo, mtoto analala kwangu siku za shule. Pasipoti anaikalia makusudi. Kwa hiyo nimejaza fomu ya kupotelewa. Kwangu mimi imepotea, siioni. Na kabla hamjaanza: mtoto ni wangu, simpeleki sokoni.

ShangaziMkali: Pole dada yangu. Yaani wanaume! Wangu alikataa kusaini mpaka nimwombe msamaha mbele ya ndugu zake. Miezi 8 kwa saini moja, na msamaha wenyewe wa kosa lake yeye! Nenda zako mwaya, mtoto ni wa mama.

MzeeWaFomu: Shangazi, utampeleka mwenzio kubaya. TumboJoto, nisikilize. Ukiripoti imepotea, namba yake inafutwa na inaweza kuingizwa kwenye kanzidata ya Interpol ya hati zilizopotea na kuibwa; ipo tangu 2002. Mwenzio akisafiri nayo na mtoto bila kujua, wanaweza kuzuiwa mpakani. Halafu umesaini maelezo ya uongo, na hilo ni kosa la jinai lako, si lake. Ukikosa saini yake kuna njia: unakwenda mahakamani hapo mnapoishi, unaomba amri ya kukuruhusu kusafiri na mtoto na kuomba pasipoti bila ridhaa ya mwenzio. Ni polepole, inakera, lakini karatasi ile ubalozi unaiheshimu. Hata hati ya dharura ya safari moja usidhani itakwepa suala la ridhaa.

TumboJoto: Mahakama mpaka lini? Tiketi hairudishwi. Mnaongea kama mnamjua mama yake.

KonaKali: Simama hapo hapo. MAMA yake? Umeitwa dada hapo juu, ukanyamaza kimya.

ShangaziMkali: Kumbe mwanaume! Narudisha pole yangu.

TumboJoto: Someni tena. Nimeandika mzazi mwenzangu. Dada mmeniita nyie.

KonaKali: Chai hii wakuu, tena ya moto. Pasipoti hana, wiki 9 kazihesabia wapi? Huyu anatafuta hadithi ya kuuza, au ni wakala wa fomu anavua wateja.

TumboJoto: Nina picha ya ule ukurasa kwenye simu. Kila mzazi anayo.

BibiMtandao: Mimi hata sina. Ila KonaKali, anayetunga angeanza na machozi. Huyu kaanza na vipimo vya picha.

KonaKali: Ndiyo utamu wa chai, bibi. Sukari haionekani.

ShangaziMkali: Hata kama ni chai, nasema: baba gani anamwibia mama mtoto?

BibiMtandao: Dakika kumi zilizopita ulimwambia aende.

ShangaziMkali: Nilidhani ni mwanamke mwenzangu!

MzeeWaFomu: Swali moja tu. Tiketi ni ya kwenda na kurudi?

TumboJoto: Ya kwenda. Ya kurudi nitakata hukohuko, bei zinabadilika.

KonaKali: Basi si chai. Natamani ingekuwa chai.

MzeeWaFomu: Kuna Mkataba wa The Hague wa 1980. Kama nchi zote mbili zimo, mtoto wa chini ya miaka 16 akiondolewa anakoishi bila ridhaa ya mzazi mwenye haki ya malezi, mzazi huyo anaweza kudai arudishwe. Akifungua shauri kabla ya mwaka 1 kuisha, kanuni ni arudishwe mara moja, na visingizio vinavyokubalika ni vichache. Kesi ya nani amlee inasikilizwa huko alikotolewa, nawe utakuwa umeifikia na doa. Kwenu zimo?

TumboJoto: Sijafuatilia. Nampeleka akamwone bibi yake, basi.

BibiMtandao: Huyo bibi akamwone na barua ya ruhusa mkononi. Mpigie mama yake leo. Au mtafutie msuluhishi, ili asilazimike kuongea na wewe.

MzeeWaFomu: Fomu ya kupotelewa umeshaituma?

TumboJoto: Imejaa, imebaki kusaini.

MzeeWaFomu: Usisaini.

TumboJoto: Nimewasikia wote, asanteni. Bibi, kwa hiyo ile picha ni 35 kwa 45?