Mjadala: Je, Wafanyakazi wa Viwanja vya Ndege Wakatafute Kinga Bungeni?

Mkazi wa Embakasi (mwanzisha mada)
Ndugu wanajukwaa, uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 umeanza kunukia, nami nauliza jambo moja. Je, chama cha wafanyakazi wa anga, KAWU, kiwapigie debe wagombea watakaoahidi kwa maandishi kulinda ajira na haki ya kujadiliana kuhusu mishahara? Mwaka 2024 uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ulikaribia kukabidhiwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30, kwa mpango wa dola bilioni 1.85, na umma ulizipata habari hizo kupitia nyaraka zilizovuja mitandaoni. Tukizoea kugoma maji yakishafika shingoni, iko siku tutachelewa.

Mlipakodi Sugu
Kura zenu ni zenu, lakini msituchanganyie chama cha wafanyakazi na siasa. Kifungu cha 41 cha Katiba kinawapa haki ya kujiunga na chama, kujadiliana na kugoma. Mnataka nini tena? Tarehe 11 Septemba 2024 abiria walikwama kwa saa nyingi kwa sababu ya mgomo wenu wa kupinga mpango wa Adani, ambao Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kuusimamisha siku mbili kabla. Na nisamehewe nikisema wazi kwamba mtu ambaye kazi yake ni kusukuma masanduku hana la kulifundisha Bunge kuhusu uchumi wa taifa.

Binti wa Port Reitz
Nilikuwa nasoma kimya mpaka nilipofika kwenye masanduku. Ndugu Mlipakodi, mizigo ikipangwa ovyo tumboni mwa ndege, uzito huelemea nyuma au mbele, na rubani aliye na nyota zote mabegani hawezi kuiinua ndege hiyo salama. Anayelijua hilo saa nane za usiku, mvua ikimpiga, ni huyohuyo msukuma masanduku. Nitajie mbunge mmoja anayelijua.

Wakili wa Pembeni
Tusiache swali likatupotea. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inaruhusu mgomo pale ambapo mgogoro unahusu masharti ya kazi au kutambuliwa kwa chama, usuluhishi umeshindikana, na notisi ya siku 7 imetolewa. Waongoza ndege wamo katika orodha ya huduma muhimu, kwa hiyo mlango huo kwao umefungwa. Sasa, kumkabidhi mwekezaji uwanja mzima ni suala la masharti ya kazi au ni sera ya serikali? Mwajiri atasema ni sera, na mahakama inaweza kumkubalia. Hapo ndipo Bunge linapohitajika, kwa kuwa jambo ambalo sheria ya kazi hailifikii haliwezi kuzuiwa kwa mgomo peke yake.

Mstaafu wa Karakana
Asante, wakili, lakini mimi bado niko na huyu bwana wa masanduku. Heshima ya msukuma masanduku ataijua siku sanduku lake litakapobaki Dubai na yeye yuko Nairobi na shati moja. Mgomo wa Machi 2019, tarehe 6 kama kumbukumbu yangu ni nzuri, polisi walirusha mabomu ya machozi uwanjani na katibu mkuu wa KAWU, Moss Ndiema, akakamatwa. Ugomvi ulikuwa uleule: Kenya Airways ilitaka kuuendesha uwanja. Miezi michache baadaye Bunge lilikubali ripoti ya kamati yake iliyoukataa mpango huo. Mtu asituambie kwamba siasa haikusaidia.

Mlipakodi Sugu
Mzee, malizia hadithi. Ripoti hiyohiyo ilitaka Kenya Airways itaifishwe, na muswada uliofuata haukufika popote. Hao ndio wabunge mnaotaka kuwategemea? Tena sikumtukana mtu. Kama kupakia mizigo ni kazi nyeti kiasi hicho, mbona viwanjani wamejaa vijana wa mawakala wa ajira wenye mikataba ya miezi mitatu mitatu, na chama kinawatazama tu?

Sina Chama
Wote mnajipigia makofi bure. Mpango wa Adani uliuawa New York. Waendesha mashtaka wa Marekani walimshtaki Gautam Adani kwa tuhuma za hongo huko India, na siku iliyofuata, tarehe 21 Novemba 2024, Rais Ruto alisimama Bungeni akaufuta, pamoja na mpango mwingine wa Adani, ule wa njia za umeme. Si mgomo wenu wala si wabunge wenu.

Mkazi wa Embakasi
Kujipigia makofi? Mgomo ule wa siku moja wa Septemba 2024 uliilazimisha serikali kutia saini kwamba nyaraka zitapelekwa kwa chama kabla ya hatua nyingine, na Seneta Onyonka alikuwa amelipigia kelele suala hilo katika Seneti. Bila ucheleweshaji huo, pamoja na amri ya mahakama, Novemba ingekuta mkataba umekwisha kutiwa saini, na hayo mashtaka ya New York tungeyasoma kama habari za watu wengine.

Sina Chama
"Ingekuta", "tungeyasoma". Kwa "ingekuwa" hata mimi ni rubani.

Wakili wa Pembeni
Naona hoja yangu imepita kama ndege isiyotua. Hili la mawakala, hata hivyo, lina uzito. Mwajiri hulazimika kukitambua chama pale tu kinapokuwa na wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga nacho. Ukiwagawa wafanyakazi kwa mawakala wanne, kila wakala ni mwajiri mpya, na hesabu inaanza upya kwa kila mmoja.

Binti wa Port Reitz
Basi, Mkazi wa Embakasi, kabla hujatuletea majina ya wagombea nina swali. Kijana wa wakala anayepakia ndege ileile na mwanachama wenu, kwa mshahara usiofanana, atakuwa na kura katika kikao kitakachoamua nani apigiwe debe? Kwa sababu mgombea atakayechaguliwa na wenye ajira ya kudumu peke yao atawalinda wao, na hapa kwetu Mombasa hao wanazidi kupungua.