Kidonda cha moto kimefunga, sasa vidoa vya kahawia vinatokea katikati. Ni mbalanga?

Mama_Wawili: Habari za humu ndani. Naombeni ushauri. Mwanangu wa miaka 6 alimwagikiwa maji ya moto mkononi wiki saba zilizopita. Malengelenge yalipasuka, akasafishwa na kufungwa bandeji, na siku ya 15 kidonda kikafunga. Pamebaki rangi ya waridi iliyofifia. Tangu juzi naona vidoa vya kahawia, vidogo kama kichwa cha pini. Mmoja kaniambia ni mbalanga, mwingine kasema nisugue kwa limau. Usingizi sipati.

Nesi_wa_Zamu: Pole sana dada. Limau usiguse kabisa, litamuunguza upya. Hebu vuta ngozi kidogo penye mwanga, utuambie vidoa vimekaa wapi.

Mama_Wawili: Nimemulika na tochi ya simu. Kila kidoa kina kinyweleo kinachomoza katikati yake!

Nesi_wa_Zamu: Basi hiyo ni rangi inarudi. Ngozi ya juu ikiungua, seli zinazoifunika, yaani keratinosaiti, hutambaa kutoka kwenye kingo za kidonda na kutoka ndani ya vishimo vya vinyweleo. Ndiyo maana kilifunga mapema. Seli za rangi, melanosaiti, hufika kwa kuchelewa. Akiba yake imo humo humo kwenye vishimo: zinaamka, zinapanda juu, kisha kila moja inanyoosha mikono yake na kugawa rangi kwa keratinosaiti thelathini na kitu zinazoizunguka. Kwa hiyo kidoa huanzia kwenye kinyweleo, kikatanuka, mwishowe vikakutana. Huchukua miezi. Mbalanga ni kinyume chake, rangi ndiyo inayopotea.

Kovu_la_Goti: Naongezea kwa niaba yetu tulioungua kwa kina. Mimi vishimo viliteketea, hakuna unywele ulioota tena, na rangi iliingia kidogo tu kutoka pembeni ikaishia hapo. Miaka 11 sasa. Mama, mwanao ana vinyweleo, shukuru sana. Ila mzazi mwingine akisoma hapa asikate tamaa wala asidhani kila kovu litarudi hivyo.

Nesi_wa_Zamu: Kweli kabisa ndugu yangu, asante kwa kulisema. Dada, mpake mafuta ya mgando mara kadhaa kwa siku, na mvalishe mikono mirefu akitoka juani, kwa sababu ngozi changa ikipigwa na jua hufanya madoa meusi yanayoganda muda mrefu. Krimu za kung'arisha usipake. Je, pamevimba au panakuwa pagumu?

Mama_Wawili: Hapajavimba. Ila karibu na kiwiko panavuta akinyoosha mkono, na usiku anajikuna sana.

Nesi_wa_Zamu: Kujikuna ni kawaida, mkate kucha. Hapo kiwikoni ndipo pa kuwahi. Faibroblasti zinazojenga kovu huwa zinalikaza pia, na likikazia kwenye kiungo mkono hautanyooka. Mpeleke wiki hii, uombe aonwe na mtu wa mazoezi ya viungo.

Mama_Wawili: Kesho asubuhi tunaondoka naye. Mungu awabariki.