Pumua na vuta pumzi si kitu kimoja, tafadhali

Wadau, kuna mwenzetu ameandika hapo juu ati tuachane na "vuta pumzi", tuseme tu "pumua" kwa kila kitu kwa sababu ni fupi na kila mtu analijua. Mimi nakataa kabisa. Kupumua ni kuvuta na kutoa, yote mawili, na kuna mahali hiyo tofauti inaumiza watu.

Chukua mtoto wa pumu hapa Nakuru, vumbi imemshika, anapewa inhela, kile kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo. Unaitikisa, anatoa pumzi kwanza, anabana midomo vizuri, halafu unabonyeza huku anavuta pole pole, anaishikilia kama sekunde 10 hivi ndio aachilie. Sasa hapo kwa kubonyeza wewe umwambie "pumua"! Anaweza kupuliza nje na dawa yote iishie kwa ulimi na hewani, kifua kinaendelea tu kulia filimbi na mama anasema dawa haifanyi kazi.

Na huyo mwingine anasema pumzi ni Kiarabu, hapana. Hewa ndio ya Kiarabu, na roho pia. Pumzi, pumua, pumzika ni ukoo mmoja wa Kibantu, ndio maana ukienda Malawi kwa Kichewa "kupuma" ni kuvuta na kutoa hewa na pia ni kupumzika, na Wazulu kupumzika wanaita "phumula". Hata majirani wetu Wajaluo, ambao lugha yao si ya Kibantu, "yueyo" yao inabeba maana zote mbili. Mtu akipumzika si anapata pumzi yake tena?

Mdau wa Kakamega: Sawa mkuu lakini huku kwetu ukimwambia mzee "vuta" anafikiria sigara. Si afadhali "vuta hewa"?

Hiyo "vuta hewa" sina shida nayo ndugu yangu, inaonyesha kitu kinaingia, hiyo tu ndio nataka. Mzee mwongezee "ndani", umwambie vuta hewa ndani, hatakosea. Shida yangu ni "pumua" peke yake wakati mkono uko kwa inhela. Nyinyi mnafanya kliniki na kwa maduka ya dawa huko Kisumu, mgonjwa huwa mnamwambia aje?