Gigli (2003) ilikosea wapi hasa?

Wakuu, nimeicheki muvi ya Gigli ya Ben Affleck na Jennifer Lopez, mbona mapenzi, utekaji na vichekesho havishikani kabisa? Skripti ndo mbovu au?

— Mkuu, studio iliingilia. Dairekta Martin Brest alikuwa na muvi ya majambazi, wao wakataka mapenzi yawe mbele maana wale wawili walikuwa wapenzi kweli, basi ikashutiwa upya na kukatwakatwa mpaka ikapoteza mwelekeo. Bajeti kama dola milioni 75, ikaingiza milioni 7 na ushee tu.

— Mi naona hata ile sini ya Al Pacino, anampiga mtu risasi ya kichwa pale pale halafu muda si mrefu unatakiwa ucheke tena, moyo unagoma.

— Kinachoniuma ni Brest, jamaa aliyeongoza muvi ya Beverly Hills Cop kabisa, hajaongoza muvi nyingine tangu hapo.