Rasimu ya kanuni za maadili ya shirika letu: dereva kabanwa mpaka kwenye ndizi, mabosi wamejiachia mlango wazi

Wakuu salama? Acha niteme nyongo humu, maana kwenye mitingi tulipewa dakika mbili mbili kama watoto wa sandei skuli.

Nipo Mbeya, shirika la kimataifa, jina silitaji, makao makuu Ulaya, huku tuna miradi ya kilimo na lishe Rungwe, Mbozi mpaka Ileje. Sasa wameleta rasimu ya kanuni mpya za maadili eti nchi zote tuijadili halafu bodi ipitishe. Kiingereza kitupu, imeili imeingia Ijumaa jioni, maoni mwisho Jumatano, na kwenye fomu kuna kisanduku cha kukubali, cha kukataa hakuna. Huo ndo mjadala wenyewe.

Msinielewe vibaya, kanuni zinahitajika na ziwe kali. 2002 ilitoka ripoti ya wafanyakazi wa misaada Liberia, Guinea na Sierra Leone waliokuwa wanataka ngono kwa mabinti wakimbizi ndo wapate chakula, mwaka uliofuata Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akatoa waraka: ngono na aliye chini ya miaka 18 marufuku hata ukidai hukujua umri wake, kumpa mtu hela, kazi au msaada ili ulale naye marufuku. Hapo sina ubishi, anayefanya hivyo afukuzwe na polisi waitwe.

Ila soma hii yetu. Zawadi: usipokee chochote cha thamani yoyote kutoka kwa mnufaika. Aliyetunga hiki kifungu hajawahi kumaliza kikao cha kikundi kule Kiwira, bibi wa watu kaja na mkungu wa ndizi kichwani, kaupandisha mwenyewe nyuma ya gari na kaukalisha vizuri usibondeke, we mwambie bibi sera hairuhusu uone. Atakuuliza "kwani ndizi zangu zina nini?" na kikao kijacho humuoni, wala jirani zake. Tukapendekeza basi zawadi iandikwe kwenye daftari na ndizi ziliwe ofisini na wote, mshauri mwelekezi kwenye skrini akajibu kwamba huo ni utaratibu wa dunia nzima. Haya.

Mahusiano ndo vituko zaidi. Wamekataza mahusiano yoyote ya karibu na mtu wa jamii inayohudumiwa. Sasa sisi tuliajiriwa kwa sababu ni wa hukuhuku na Kinyakyusa tunakijua, mwenzetu mmoja kaoa Tukuyu na mama mkwe wake yumo kwenye kikundi cha VICOBA, vile vya kuweka na kukopa, tunachokisaidia, atoe talaka? Ule waraka wa 2003 wenyewe, kwa mahusiano ya watu wazima na wanufaika, unasema hayashauriwi kabisa kwa kuwa anayegawa msaada ana nguvu kuliko anayepokea. Hoja ya maana hiyo. Haukusema mtu aache mke.

Halafu kutangaza mali na biashara za pembeni, hadi mlinzi wa getini. Nani Mbeya hii hana robo eka ya viazi Uyole au miche miwili mitatu ya parachichi?

Sasa nitafutieni humo ndani kifungu kinachosema mkurugenzi mkazi akituhumiwa nani anamchunguza. Hakipo! Lalamiko linaenda kwa meneja wako, meneja anapeleka kwa mkurugenzi mkazi, mwisho wa reli. Nilipouliza nikaambiwa hilo "litazingatiwa baadaye". Jamani, Oxfam, shirika la misaada la Uingereza, kule Haiti baada ya tetemeko la 2010 kanuni walikuwa nazo, na aliyetuhumiwa kuleta makahaba kwenye nyumba ya shirika ni mkurugenzi mkazi mwenyewe. Wadogo wengine wakafukuzwa, yeye 2011 akaachwa ajiuzulu akaenda kupata kazi shirika lingine la misaada, dunia ikaja kujua 2018 baada ya gazeti kuanika. Skendo ile haikuanzia kwenye mkungu wa ndizi.

Azimio la Arusha 1967 lilivyoweka masharti, liliwabana viongozi: usiwe na mishahara miwili, usiwe na nyumba ya kupangisha, usiwe na hisa kwenye kampuni. (Najua CCM kwenye kikao cha Zanzibar 1991 walivyoyalegeza, msianze.) Sisi hapa rasimu imeanzia getini, ikifika ghorofani inaongea kwa upole.

Na hili wengi hawalioni: chini ya kanuni za kazi za 2007, GN 42 (Tangazo la Serikali namba 42), mtu akifukuzwa kwa kuvunja kanuni, inaangaliwa kama kanuni ilikuwa wazi na kama mfanyakazi aliijua. Sahihi yako ndo ushahidi kwamba uliijua. Madereva wetu wawili wameshaambiwa wasaini "tu", watasomewa baadaye.

Wachache tumekubaliana hatusaini Jumatano mpaka iletwe ya Kiswahili na kuwe na chombo cha nje cha kuchunguza mabosi. Kuna aliyewahi kufikishana CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wa migogoro ya kazi, kwa kugoma kusaini kitu kama hiki, iliishaje? Wanasheria mpo?

Na nyie wa HR mnaopita humu kimya kimya, kile kifungu cha kutolisema shirika hadharani bado ni rasimu, bodi haijakipitisha.